Siku moja maishani mwangu: mtu wa kiboksi cha bluu

Kwanza niseme mimi sio daktari. Mtaani Kahawa West wananiita daktari, mamangu nyumbani anaambia watu kijana wake ni daktari wa maini, na mzee mmoja kule Kayole aliwahi kuniita mumiani mbele ya watu, lakini kwa beji imeandikwa afisa wa utafiti. Nilisomea maabara, na sai niko kwa mradi unaofuatilia watu wenye hepatitisi B (virusi vya ini, ile watu huita homa ya ini) kwa miaka kadhaa tuone maini yao yanaendaje. Watu wakisikia utafiti wanafikiria koti jeupe na hadubini. Hadubini sijui nimeigusa lini mara ya mwisho. Kazi yangu ni kupiga simu zisizoshikwa, kutembea, na kubeba kiboksi cha barafu kwa matatu. Hii ilikua Alhamisi ya juzi. Majina sitataji na vitu vingine nimebadilisha kidogo ndio mtu asijulikane.

Saa 10 na nusu alfajiri niko macho, chai ya jana, matatu ya kwanza, saa 12 na robo niko ofisini napanga chupa na lebo.

Saa 1 na nusu wanaanza kuingia wale wa mashine ya ini. Hii mashine haiumi, unalala chali, mkono nyuma ya kichwa, kifaa kinagonga katikati ya mbavu kama mtu anakubofya na kidole, halafu inasoma ini limekua gumu kiasi gani kwa kilopaskali. Sharti moja tu, usiwe umekula chochote kwa masaa matatu. Mzee wa kwanza akaapa hajakula, makombo ya mandazi yako kwa koti. Nikamwambia mzee wangu kaa hapo kwa jua mpaka saa 5 tutakupima, akaniangalia kama mtu ameibiwa.

Wa pili ni kijana wa miaka 34, mlinzi wa usiku, ametoka moja kwa moja zamu. Mashine ikasoma 14.8. Mpaka 7 huwa tunapumua, ikipita 12.5 tunaanza kuongea kuhusu sirosisi, yaani ini limejaa makovu. Huyu haumwi popote. Anakula vizuri, Jumapili alicheza mpira. Ndio maana hili jina homa ya ini mimi huwa linanikera, juu mtu anangoja homa, anangoja macho ya njano, na hiyo homa haiji miaka ishirini, siku inakuja kitu chenyewe kinakuja kama tumbo limejaa maji au uvimbe wa saratani. Daktari (wa ukweli sasa) akamuanzishia tenofovir siku hiyo hiyo. Kidonge kimoja kila siku, haimalizi virusi lakini inavilaza, na ikivilaza ini linapata nafasi ya kupumzika. Kijana aliuliza swali moja tu, kama hii karatasi itafika kwa kampuni yake. Nikamwambia haifiki. Akaikunja mara nne akaweka ndani ya soksi.

Saa 4 nikatoka na kiboksi kwenda Kayole. Gari la mradi liko gereji tangu Jumatatu, ile gereji ambayo kila siku wanasema kesho.

Nilikua naenda kutafuta mama mmoja ambaye amekosa kuja mara mbili. Simu imezimwa. Huyu dada hakujua ana hepatitisi kwa kuumwa, alijua kwa kutaka kwenda Saudia kazi ya nyumba. Aliuza viti, akakopa, akalipa ajenti hapo tauni, akapelekwa kupimwa, na zile nchi za Ghuba ukipatikana na hepatitisi B huendi. Karatasi ikapigwa muhuri kwamba hafai. Hakuna mtu alimkalisha chini akamwambia hafai ni nini, inatibiwa vipi, mtoto je. Alituletea hiyo karatasi akifikiria sisi ndio tutaibadilisha.

Nimefika kwa ploti saa 5 hivi. Sasa hapa ndio mnielewe. Mimi siwezi kusema nimetoka wapi. Siwezi kuvaa fulana ya mradi, siwezi kutaja ini wala damu, siri ya mtu ni siri na kamati ya maadili haina mchezo. Kwa hivyo jamaa mrefu mgeni anasimama kwa geti na begi mgongoni na boksi mkononi anauliza fulani anakaa wapi, na akiulizwa wewe ni nani anasema ni rafiki. Kila mtu kwa hiyo ploti aliamua mimi nimekuja kudai mkopo. Keateka akasema alihama Desemba. Mama wa mboga akasema hapana, alienda ushago kuzika. Jirani wa chini alikua anafua, hakuinua kichwa, akasema hajawahi kusikia hilo jina, na mimi naona kanga ya huyo dada ninayemtafuta, ile niliyomuona nayo kliniki, imeanikwa kwa kamba ya ghorofa ya tatu. Nikauliza keateka naweza ngoja? Ngoja, barabara ni ya serikali. Nikanunua smokie pasua hapo nje, nikasimama. Keateka akanifuata. Akaniuliza ni pesa ngapi anadaiwa. Nikamwambia hadaiwi. Akasema hata yeye kuna watu walikuja hivyo hivyo wakisema hadaiwi, wakaenda na tivii. Halafu akataka kujua boksi lina nini. Nikasema barafu. Barafu ya nini? Ya kazi. Kazi gani? Tukaenda hivyo saa nzima, jua limepanda, barafu inayeyuka polepole na mimi nafungua kuangalia kipimajoto, isizidi nyuzi 8, na kila nikifungua yeye naye anachungulia, na vile anaona chupa tupu ndogo ndogo ananiangalia vingine kabisa. Nikajua hapa nikikaa nusu saa ingine nitaitiwa vijana.

Aliyeniokoa ni mtoto. Amerudi nasari, miaka mitano, akaniona akapiga kelele: "Mama! Yule anko wa peremende!" Kutoka ghorofa ya tatu dirisha likafunguka. Kumbe alikua ndani muda wote, alinisikia, na yeye pia alikua anafikiria ni wa mkopo.

Mlangoni hata hakunisalimia. "Daktari, mimi nimechoka na nyinyi." Nikamwambia dada pole, wacha nikae kwanza. Nikakaa kwa ndoo juu viti viliuzwa. Akaanza, na sikumkatiza. Nyinyi mnasema siumwi. Vipimo vya ini mnasema viko sawa, virusi mnasema ni vichache, mashine ilisema 5 na kitu, dawa hamnipi. Sasa kama siumwi na hamnitibu, damu yangu mnataka ya nini? Na kama siumwi mbona hamniandikii barua niende Saudia? Kuna mtu ameniambia kwa elfu 15 anaweza nipatia karatasi safi, nyinyi mmeshindwa na barua ya bure.

Hili swali la damu ya nini nimeulizwa mara nyingi na kuna jibu la kwa fomu, ile ya "utachangia maarifa", na sikulisema. Barua nikamwambia siwezi, virusi viko, na hiyo karatasi ya elfu 15 watampima tena akifika huko na kumrudisha na deni juu ya deni. Halafu nikamuelezea kuhusu fomula moja inaitwa APRI. Unachukua kimeng'enya kimoja cha ini na zile chembe za kugandisha damu, unapiga hesabu, inakuambia kama ini lina makovu, bila mashine ya bei. Nzuri sana kwa hospitali ndogo. Lakini ilitoka Marekani mwaka 2003, na waliopimwa wakati inatengenezwa walikua wagonjwa wa hepatitisi C, sio B. WHO, lile shirika la afya duniani, mwaka 2015 walisema ikipita 2 ndio sirosisi. Ikaja kuonekana kwa Waafrika wengi wenye makovu hawafiki hiyo 2, wanaambiwa wako sawa wanaenda nyumbani. Mwaka 2024 wakaishusha hadi 1. Haingeshuka bila watu kutoa damu miaka na miaka, na wengi wao walikua kama yeye, hawaumwi.

Yeye huuza mitumba pale steji. Akanyamaza, akasema, "Ni kama saizi. Imeandikwa kumi na mbili lakini ukivaa hapa nyuma haifungi." Nikamwambia umemaliza, mimi hata sina la kuongeza. Akacheka kidogo akakunja mkono wa sweta.

Saa 8 na dakika 20, chupa mbili za kifuniko cha zambarau na moja ya njano. Nikamkumbusha hajaruhusiwa kukaa bila kupimwa, kila miezi sita, juu hivi virusi hulala na huamka. Na mahindi yenye ukungu asile wala asisagie mtoto, ile sumu ya afla na hepatitisi B zikikutana kwa ini moja hatari ya saratani inaongezeka sana. Wakenya tunaijua hiyo sumu, 2004 ilimaliza watu 125 upande wa Makueni na Kitui, lakini ile kidogo kidogo ya kila siku hakuna mtu anaitangaza.

Damu ikishatoka una masaa sita ya kuifikisha kwa mashine ya kuzungusha. Nilikua na wengine wawili, mmoja Kayole Soweto mmoja Komarock, hao sitawaelezea, walikua watu wazuri. Saa 11 kasoro nikapanda matatu na ikaanza kunyesha.

Jogoo Road mvua ikinyesha mnaijua. Konda akataka nilipie boksi kama mtu, nikalipa. Mama wa karibu na mimi akauliza ni yogati ya bei gani. Nikasema imeisha. Tukasimama. Tukasogea, tukasimama Donholm, tukasimama hapo City Stadium mpaka watu wakaanza kushuka, na mimi nahesabu, saa 8 na 20 mpaka saa 2 na 20 usiku, nimebakisha masaa mawili, nimebakisha lisaa na nusu. Hii damu ikiharibika hakuna mtu atanikata mshahara. Lakini nitarudije kwa yule dada nimwambie ile ya jana ilimwagika, toa ingine? Nikashuka, nikachukua boda, boksi katikati yangu na jamaa wa boda, maji yameingia viatu, nilikua naongea na zile chupa kama mtu amechanganyikiwa.

Mwenzangu wa maabara alikua anafunga saa 12. Nilimkuta. Saa sijui, saa 1 na kitu. Hakusema kitu, akanyoosha mkono tu, akachukua boksi, akaangalia kipimajoto, nyuzi 6, akawasha mashine. Nilikaa kwa sakafu ya korido nikilowa nikisikiliza ikizunguka. Baadaye ukitoa unaona ile damu imegawanyika, nyekundu chini, maji ya rangi ya majani chai mepesi juu, hiyo ndio unagawa kwa vichupa vidogo na kuweka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Chupa ya dada iko pale sasa, namba tu, haina jina.

Nyumbani nimefika watoto wamelala. Bibi ameweka ugali chini ya sahani. Nimeanza kula simu ikalia, namba siijui, kumbe ni yeye, laini mpya.

"Daktari samahani ni usiku. Dadangu amekuja. Ananiambia nitenganishe sahani na mtoto. Nitenganishe?"

Hii nimemwambia mara tatu na iko kwa fomu. Nikamwambia tena pole pole: haipitii chakula, haipitii sahani wala kikombe, mtoto alichanjwa zile tatu, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na alipimwa hana. Wembe na mswaki usishirikiane na mtu. Sahani kuleni.

"Hata sai?"

Hata sai.

Nikasikia amemuita mtoto.