Nilivyoacha kuchemsha mirija ya kaboni kwenye asidi

Kilikuwa kilima kidogo tu, kama kichuguu kwenye uwanja tambarare. Kilikaa karibu na volti 0.6 kwenye mchoro wa mkondo na volti, mahali ambapo mstari hutakiwa kulala kimya. Kadiri nilivyoongeza mizunguko ya kupandisha na kushusha volti, ndivyo kilivyozidi kukua. Nilikipita miezi mitatu bila kukijali, maana macho yangu yote yalikuwa kushoto, kwenye eneo la haidrojeni, sehemu ya mchoro inayoonyesha haidrojeni ikishika na kuachia platini, nikihesabu platini iliyobaki.

Nilikuwa natengeneza kichocheo cha seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni: chembe za platini zenye upana wa nanomita 2 hadi 4, zilizoshikizwa kwenye mirija ya nano ya kaboni badala ya masizi ya kaboni yaliyozoeleka. Sababu ya kupenda mirija ni nzito. Ndani ya seli kaboni huliwa: ikikutana na maji kwenye volti ya juu hugeuka kaboni dayoksaidi. Kwa hesabu za kemia, hilo linawezekana kuanzia volti 0.207 tu, na kinachotuokoa ni kwamba hutokea polepole mno. Sasa seli ikiwashwa au kuzimwa huku hewa imepenya upande wa haidrojeni, elektrodi ya upande wa pili inaweza kusukumwa hadi karibu volti 1.5, na hapo uharibifu huenda mbio. Masizi yana kingo nyingi za kuanzia kuliwa. Ukuta wa mrija umefumwa sawasawa zaidi, kwa hiyo unatarajiwa kuvumilia.

Wa kwangu haukuvumilia. Niliupitisha kati ya volti 1.0 na 1.5 mara 5,000, jaribio linalotumika sana kuiadhibu kaboni inayobeba platini. Eneo hai la platini tunalipata kwa kupima chaji ya haidrojeni iliyong'ang'ania juu yake, kisha kugawa kwa mikrokulombu 210 kwa kila sentimita ya mraba. Nilipogawa, zaidi ya nusu ilikuwa imetoweka. Masizi niliyoyaweka kando kwa kulinganisha yalifanya vizuri karibu sawa na mirija yangu. Iliniuma sana.

Nilianza kwa kushuku usafi. Elektrodi yangu rejea, ile ambayo volti hupimwa dhidi yake, ilikuwa ya fedha na kloridi ya fedha, na hiyo huvujisha kloridi kidogo kidogo ndani ya asidi ya perkloriki, kimiminika nilichopimia sampuli. Kloridi huisaidia platini kuyeyuka. Nikaiondoa, nikaweka ya haidrojeni. Waya wa platini uliokuwa elektrodi ya pili nao nikautoa nikaweka fito ya kaboni, kwa sababu waya ule unaweza kuyeyuka na kwenda kujipaka juu ya sampuli, ukadhani kichocheo chako kimepona. Kila anayeanza kazi hii ningemsihi afanye mabadiliko hayo siku ya kwanza. Mistari ikawa safi zaidi. Hasara ikabaki kubwa.

Mwalimu wangu alipokuja kuangalia, hakugusa eneo la haidrojeni hata kidogo. Aliweka kidole juu ya kile kilima. "Platini umeipima vya kutosha," akasema. "Kaboni je, umeiuliza?"

Kilima kile ni alama ya oksijeni iliyoota juu ya kaboni, vikundi vya kwinoni vinavyopokea na kutoa elektroni. Kikikua, ujue kaboni inaliwa. Kumbe chembe zangu zilikuwa zinakosa mahali pa kukanyaga: ukuta ukioza chini yake, chembe hung'oka, au husogea na kuungana na jirani.

Na ukuta niliuharibu mwenyewe. Mrija mtupu unateleza, platini haipati pa kushika, na mirija hujikusanya mafundo. Ndiyo maana nilikuwa naichemsha kwa saa nyingi katika asidi ya nitriki na ya salfuriki, ili itoboke na kuota vikundi vya kaboksili vya kunasa platini. Lakini kila tundu ninalolifungua kwa ajili ya platini ni mlango pia wa kuozea. Nilijaribu kupunguza muda wa asidi, nikapata platini iliyorundikana huku na huku.

Kilichofanya kazi ni kuacha asidi kabisa na kuivika mirija polima, polibenzimidazoli, ambayo hujizungusha ukutani bila kuutoboa, na nitrojeni zake hushika ayoni za platini. Niliyeyusha polima katika dimethilasetamaidi, nikatia mirija, nikaitikisa kwa mawimbi ya sauti, nikachuja na kuosha. Kundi la kwanza sikuliosha vya kutosha. Polima ya ziada ikafunika na kuziba. La pili niliosha hadi maji ya kuchujia yakatoka safi. Tofauti ilionekana kwa macho: mirija mitupu ilikuwa inazama chini ya chupa na kuacha maji meupe juu, lakini hii iliyovikwa ilikuwa bado nyeusi chupa nzima kesho yake asubuhi. Kisha nikaijaza platini kwa kupasha chumvi yake katika mchanganyiko wa maji na ethilini glikoli, nyuzi 140 za Selsiasi.

Baada ya mizunguko 5,000 kilima kilikuwa hakijainuka ila kidogo mno, na platini nyingi ilikuwa bado kazini. Kwenye jaribio la volti 0.6 hadi 0.95, mizunguko 30,000, nafuu ilikuwa ndogo. Pale tatizo ni platini yenyewe: chembe ndogo huyeyuka na kuzinenepesha kubwa, na ukuta imara hauwezi kulizuia hilo.

Mwisho nilibandika sampuli kwenye wavu wa dhahabu wenye alama, ili darubini ya elektroni inirudishe mahali palepale kabla na baada. Picha mbili ziko juu ya meza yangu. Kona ya mrija ni ileile, imepinda vilevile. Chembe tatu hazipo, mbili zimeungana, na mistari ya ukuta chini yake bado imenyooka.