Mkorosho wa Somoe

Amri ya Mahakama Kuu ya kumwasili mwanetu Somoe ilitoka Jumanne, ghalani ninakofanya kazi msimu wa korosho umeanza na magunia yanaingia mpaka usiku, na Baba Somoe amerudi salama kutoka Dar es Salaam. Lakini tangu tulipotoka Newala kichwani mwangu kuna jambo moja tu, nalo ni jibu la mama yangu.

Mnajua desturi ya mama. Kila mjukuu akizaliwa, kitovu chake huzikwa shambani, na mvua zikianza hapo hapo hupandwa mkorosho unaoitwa kwa jina lake. Jumapili watoto wa dada yangu walitawanyika kila mmoja kwenye mti wake kuokota mabibo, Somoe akabaki amesimama na kindoo chake cha plastiki. Akamfuata mama, aliyekuwa ameketi mkekani akizitenganisha korosho na mabibo.

“Bibi, mkorosho wangu uko wapi?”

Mama hakuinua uso. “Wako bado haujapandwa.”

“Haya,” alisema Somoe, akaenda kumsaidia Hadija kujaza ndoo. Kaka yangu alikohoa, akaanza kuzungumzia salfa ya kupulizia mikorosho.

Nimeyarudia maneno hayo njiani, jikoni, hata nikiwa mbele ya mizani. Kama ulikuwa wa kupandwa, mbona mvua mbili zimepita tangu aje kwetu? Au kwa kuwa hatujui kitovu chake kilizikwa wapi, mti nao hauna mahali pa kusimama? Lingesemwa na wakwe zangu lisingeniuma hivi, maana wao walimpokea kwa kanga na kuku siku ya kwanza. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, kwa hiyo wa kumpa Somoe mahali pa kusimama ni sisi, na katika sisi mkubwa ni mama. Yeye mwenyewe alilelewa na mama yake mkubwa bila karatasi hata moja, lakini huyo alikuwa damu yake. Somoe tulimpata makao ya watoto, kwa mkono wa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto akishaasiliwa anahesabiwa kama aliyezaliwa na sisi, na nakala ya amri ninayo kabatini, lakini hakuna jaji anayeweza kumwamuru mama achimbe shimo.

Alhamisi mama akapiga simu kuuliza habari za mnada. Nilipomwamkia akaitikia haraka haraka, kisha akasema, “Mwambie huyo mke mwenzangu mvua zikianza aje na mche wake, ule wa kubebeshwa wa kituo cha utafiti cha Naliendele. Mie nimechoka na mbegu zangu za kizee. Na alivyoniuliza, utadhani ananidai!” Akacheka mpaka akapaliwa.

Mwingine angepata mfano mzuri katika mche wa kubebeshwa, kikonyo cha mti mmoja kilichoungwa kwenye shina la mwingine. Mimi nilipata furaha iliyonifanya nikosee hesabu za magunia, na baada ya saa moja nikapata swali jingine: wenzake walipandiwa, kwa nini yeye aende na wake? Nilimuuliza Baba Somoe. Akaniuliza mama yangu alitakiwa asemeje ili nilale, na sikuwa na jibu. Utani wa bibi na mjukuu nimeukuta duniani; sijui kwa nini nilidhani mwanangu utampita.

Somoe mwenyewe ameshawatangazia watoto wote wa chekechea. Anataka mti wake ugusane na wa Hadija. Nilimweleza kwamba mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 hivi, akataka kuiona nafasi hiyo, tukahesabu hatua kuanzia mlangoni, tukavuka ua na kutokea barabarani, na jirani akauliza kama tunauza kiwanja.

Usiku huu ninachohangaikia ni mdomo wake. Alikuwa ameficha korosho mbichi mfukoni mwa gauni alilotoka nalo shamba, jioni akaing'ata na ganda lake, na mafuta yake makali yamemchubua pembeni mwa mdomo. Nimemwosha kwa sabuni na maji mengi, uvimbe haujapungua, uji ameukataa, na kesho saa kumi na mbili asubuhi natakiwa kuwa ghalani.