Jasusi Aliyelala

Miezi minane mfululizo ami yangu alinifunga. Kila Jumamosi baada ya Isha, barazani kwake Kibokoni, tulitandika ubao wa Stratego, dele la kahawa chungu pembeni, na kabla kahawa haijapoa bendera yangu imeshatekwa.

Kwa asiyeujua mchezo: ubao una miraba 100, katikati maziwa mawili yasiyopitika. Kila mmoja hupanga vipande 40 vikimpa mpinzani mgongo, kwa hiyo hujui umekabili kanali au bomu mpaka mgongane. Mabomu 6 na bendera 1 havisogei kamwe. Jemadari mkuu huwashinda askari wote, lakini jasusi akiwahi kumshambulia, jemadari hufa.

Nilidhani kosa langu ni woga. Nikazidisha mashambulizi, nikazidi kufungwa. Mwisho nikamwuliza, "Ami, wewe wajuaje bendera iko wapi?"

Akajimiminia kikombe. "Mwanangu, mimi siwatazami wanaokuja. Nawatazama wasoondoka."

Basi. Kipande kikishasogea si bomu wala si bendera, na mimi nilikuwa nikiwachezesha askari wale wale huku kona yangu ya kulia imetulia kama kaburi. Bendera ilikuwa humo, imezibwa kwa mabomu mawili. Maskauti nao niliwakimbiza miraba mitano kwa mkupuo, na ni skauti peke yake anayeweza kwenda hivyo. Nilikuwa nikimtajia majina.

Nikanunua daftari, kila mchezo nikauchora. Maskauti nikawafunza kutembea hatua moja moja kama wakubwa, na hilo lilinitesa, maana mkono unawasha. Kona ya kulia nikaziba kwa mabomu, ndani nikaweka sajenti. Bendera nikaihamishia kushoto, haina hata bomu moja. Luteni wangu akawa anamfukuza kanali wa ami bila haya. (Baadaye nilisoma kwamba DeepNash, programu ya kucheza Stratego ya kampuni ya akili bandia DeepMind, iliyotangazwa 2022, nayo ilijifunza yenyewe kutishia kwa kipande dhaifu. Nilifurahi sana.)

Lakini kilichoniokoa ni jasusi. Nilimweka safu ya pili na sikumgusa mchezo mzima. Ami alipeleka wateguaji kona ya kulia; mmoja akategua bomu, akaingia, akauawa na sajenti. Kisha jemadari wake akamfukuza luteni wangu mpaka ubavuni mwa kile kipande kilicholala, akasimama hapo kwa amani, kwani kwake lilikuwa bomu.

Nikamsogeza jasusi. Ami alikiinua kipande, akakitazama muda mrefu, akakiweka chini polepole. Mchezo ulichukua saa nzima zaidi, nikashinda.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya mchezo, nilihesabu vipande vyake ambavyo havijaguswa. Vilikuwa 11.