Mama mdogo hayumo kwenye jedwali

Jumapili usiku, Uyole. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Wiki ya tatu sasa naifundisha kompyuta kutabiri ni mgonjwa yupi wa moyo yuko hatarini kufariki. Natumia data za Faisalabad, Pakistan: watu 299 wa mwaka 2015 ambao moyo wao ulikuwa umechoka kusukuma damu. Kila mstari ni mtu mmoja, na umri wake, presha, kisukari, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), asilimia ya damu inayotoka moyo ukipiga mara moja. 96 walifariki.

Juzi modeli, yaani hiyo programu ya kutabiri, ilipatia kupita nilivyotarajia, nikamwamsha mdogo wangu kumwonyesha. Kulipokucha nikaona nimeiachia safu ya siku za ufuatiliaji. Aliyefariki mapema hufuatiliwa siku chache, kwa hiyo modeli ilikuwa inachungulia majibu. Nikaifuta ile safu, alama zikashuka. Halafu nikapiga hesabu nyingine: ukisema "wote wataishi" bila kusoma chochote, unapatia 203 kati ya 299, asilimia 68. Na unaowakosa ni wale 96, wote. Hapo nilifunga kompyuta.

Jana nikapanda Coaster kwenda Tukuyu.

Mama mdogo alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inambana. "Ndaga, mwanangu," akasema, akanyoosha mguu. "Hebu bonyeza hapa." Nikabonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba. Nilipotoa, shimo likabaki. Nikahesabu hadi ishirini ndipo likaanza kujaa.

Ana miaka 34. Alipokuwa mtoto mafindofindo yalimrudiarudia bila dawa, ikafuata homa ya baridi yabisi, ikamla valvu za moyo. Kwenye data zangu aliye mdogo kuliko wote ana miaka 40. Kliniki za huku zinapokea wasichana na kina mama vijana wenye moyo kama wake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuwapimia kwa jedwali ambalo hawamo.

Akaniuliza hiyo kompyuta inasemaje juu yake.

"Haikujui, mama."

Akaniletea daftari lake la kliniki, kona zimelainika kama kitambaa. Kreatinini imeandikwa mara moja tu. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, mara moja. Lakini uzito upo kila hudhurio: kilo 58, 58, 59, kisha wiki moja tu baadaye 62. Hizo kilo tatu hazikuwa za chakula, ni maji yaliyokuwa yanajaa mwilini. Chini ya 62 hakuna aliyeandika kitu. Siku nne baadaye alilazwa.

Nimerudia kuusoma ukurasa huo mara nyingi leo. Kwa ruhusa yake nimenakili tarehe na kilo zote, hizo ndizo nitakazoanza nazo.

Nyumbani kwake hakuna mizani. Kesho nikitoka kazini nitapita Mwanjelwa kutafuta.