Amplifaya na pedali za bendi ya roki: tulivyochagua na nilivyokosea

Katika jioni ya tatu ya mazoezi ya bendi yetu, mpiga dramu aliweka vijiti vyake kando, akaniuliza kwa upole iwapo nilipiga solo ya wimbo wa mwisho au niliiruka. Nilikuwa nimeipiga yote, tena kwa bidii. Nyumbani kwangu Nairobi, katika chumba cha kulala, sauti ya gitaa langu ilikuwa imenipendeza mno: besi imejaa, trebo inameta, na nobu ya sauti za kati nimeirudisha karibu na sifuri, kwa sababu kila nilipoipandisha gitaa lilisikika kama linapigwa ndani ya debe. Katika chumba cha mazoezi, chenye paa la mabati na mazulia makuukuu yaliyopigiliwa ukutani, sauti hiyo hiyo ilimezwa mara tu dramu zilipoingia.

Ilinichukua muda mrefu kuliko inavyostahili kuelewa kilichotokea. Sikio la binadamu halisikii besi na trebo vizuri sauti inapokuwa ndogo, na ndiyo maana mtu anayepiga gitaa usiku akiwaogopa majirani huziongeza zote mbili mpaka zimridhishe. Sauti ikipandishwa hadi kiwango cha bendi, sikio hurudisha lenyewe kile lililokuwa linakikosa, na mpangilio wa chumbani hugeuka kuwa ngurumo chini na msasa juu. Isitoshe, sehemu hizo mbili zina wenyewe. Uzi mnene wa gitaa lililopatanishwa kwa kawaida hutoa takriban hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), ilhali uzi mnene wa gitaa la besi hutoa takriban hezi 41, kwa hiyo kule chini ni kwa mpiga besi na dramu kubwa ya mguu; kule juu ni kwa matoazi. Gitaa hubakiwa na eneo la kati, kama hezi 400 hadi 3,000, ambalo hata hivyo hulazimika kuligawana na mwimbaji. Mimi nilikuwa nimekihama chumba changu mwenyewe na kwenda kujibanza katika vyumba vya wenzangu.

Badala ya kuigusa nobu ile ya kati, nilihitimisha kwamba ninahitaji nguvu zaidi. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote ambayo mpiga gitaa wa roki anaweza kulifanya, na nadhani wengi wetu tumelifanya. Wati hazihesabiki masikioni kama zinavyohesabika dukani. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, yaani tofauti ambayo msikilizaji ataitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi. Amplifaya ya wati 100 si kubwa mara mbili ya ile ya wati 50, na ile ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) ya wati 20 au 30 inatosha kabisa kushindana na dramu katika ukumbi wa kawaida. Spika nayo ina neno lake. Celestion Greenback hutajwa na watengenezaji wake kuwa hutoa desibeli 98 kwa wati moja umbali wa mita moja, na Vintage 30 ya kampuni hiyo hiyo desibeli 100. Tofauti ya desibeli 3 kati ya spika mbili ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, wala hakuna anayekutoza kwa ajili yake.

Sikuyajua hayo, kwa hiyo nilinunua amplifaya ya valvu ya wati 100 kutoka kwa jamaa aliyekuwa amerejea kutoka Marekani. Plagi yake ilikuwa ya Kimarekani, nikatafuta kiunganishi cha pini mbili, nikaichomeka ukutani. Palikuwa na mlio mfupi, mwanga wa buluu nyuma ya kasha, kisha harufu ya vumbi lililoungua. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue niliyempelekea aliigeuza, akaimulika kwa tochi ya simu, akaweka kidole kwenye kibandiko kidogo cha chuma kilichoandikwa volti 120, hezi 60. "Ndugu yangu," aliniambia, "hii ungeisoma kabla ya kuwasha. Sisi huku ni 240." Fyuzi ilikuwa imejitoa mhanga na transfoma ikasalimika. Kabla ya kugusa chochote ndani, fundi yule alizimaliza chaji zilizokuwa zimebaki katika kapasita, akanionyesha kwa nini: amplifaya ya valvu huhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, nazo zinaua. Asiye fundi asifungue kasha.

Baadhi ya amplifaya zina swichi ya kuchagua volti au transfoma yenye nyaya za volti zote mbili. Nyingine hazina, na hizo zinahitaji transfoma ya nje ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko kile amplifaya inachokula. Wati zilizoandikwa mbele ni zile zinazotoka kwenye spika, si zile zinazovutwa ukutani. Amplifaya ya wati 100 inaweza kuvuta 300 au zaidi, kwa hiyo transfoma ya wati 500 si anasa. Na kile kiunganishi changu cha pini mbili kilikuwa hatari kwa sababu nyingine: kilikata waya wa ardhi. Gitaa lisilo na ardhi na maikrofoni yenye ardhi huunganishwa na midomo ya mtu anayeimba huku akipiga, na mkondo ukipita hapo si jambo la mzaha, hasa kwenye maonyesho ya nje tunayowashiwa jenereta.

Baada ya kuiuza amplifaya ile, nilianza kuchagua kwa akili. Mwenzangu wa gitaa la pili na mimi tulikubaliana jambo moja kabla ya kutazama bei: sauti zetu zisifanane. Bendi yenye magitaa mawili yaliyopitia amplifaya za aina moja, zote zikiwa na distoshoni (mkwaruzo wa makusudi) nyingi, husikika kama gitaa moja lililovimba.

Vox AC30, iliyozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, niliipenda kuliko zote. Ina valvu nne za EL84, sauti yake humeta bila kukwaruza, na inapoanza kuelemewa hufanya hivyo taratibu, kama mtu anayepandisha sauti katika mazungumzo. Marshall ni ukoo mwingine: Jim Marshall, mpiga dramu mwenye duka Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na mafundi wake, waliunda JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kufuata saketi ya amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman, na kutoka hapo ukafuata mlolongo uliofika JCM800 mwaka 1981. Marshall imejaa sauti za kati, na ndiyo sababu hupenya. Fender Twin Reverb ina wati 85 na usafi wa ajabu, lakini inakaribia kilo 30, na chumba chetu cha mazoezi kiko ghorofa ya tatu bila lifti. Sikuendelea kuifikiria.

Kilichoniondoa kabisa katika valvu, licha ya mapenzi yangu kwa AC30, ni matunzo. Valvu za kutoa nguvu huchakaa, na zinapobadilishwa sharti ziwe zimeoanishwa. Hapa kwetu nilizipata kwa kuagiza nje tu. Amplifaya ya valvu haivumilii pia kuwashwa na kupigwa bila spika, wala kuunganishwa na spika ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisizolingana nayo, kwani transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Ukijumlisha umeme unaopanda na kushuka, nikaona ni mtoto mchanga ambaye bendi yetu haikuwa na yaya wa kumlea.

Nilichonunua hatimaye ni Roland JC-120 iliyotumika, kutoka kanisa lililokuwa linabadilisha vyombo vyake. (Yeyote anayetafuta amplifaya nzuri iliyotunzwa katika mji huu aanze kwa kuwauliza wanakwaya.) Aina hii imekuwepo tangu mwaka 1975, ni ya transista, ina wati 60 kwa kila moja ya spika zake mbili za inchi 12, na haina haja ya kulelewa. Distoshoni yake ya ndani ni mbaya, nami sisemi hivyo kwa kuonea. Lakini sauti yake safi haina mfano, na hilo ndilo nililolihitaji: amplifaya ambayo haina maoni yake, ili pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, ziseme. Sisi tuliokulia nyumba ambamo benga na rumba vilipigwa kila Jumapili tuna masikio yaliyozoea gitaa la solo linalosikika neno kwa neno, na nadhani hata ninapopiga roki nzito bado ninataka kila noti itambulike. Mwenzangu alichukua Boss Katana ya wati 100, ambayo huiga tabia za amplifaya mbalimbali kwa njia ya kidijitali. Kwa bei yake, sijaona sababu ya mwanafunzi au bendi changa kununua kitu kingine.

Uzito wa JC-120 sitauficha: nayo haiko mbali na ile Twin niliyoikataa. Niliinunua kwa sababu ina magurudumu, na kwa sababu mpiga besi alikubali kushika upande wa pili ngazini.

Sasa pedali. Ibanez Tube Screamer imekuwa mashuhuri tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu huizungumzia kana kwamba ina uchawi. Inachofanya ni rahisi kueleza: hupunguza besi, huinua sauti za kati karibu na hezi 720, kisha hukata vilele vya wimbi kwa ulaini. Yaani hulirudisha gitaa katika kile chumba nilichokuwa nimekihama. Nilinunua Boss SD-1, ndugu yake wa bei nafuu wa mwaka 1981, nikaiweka geini (kiasi cha mkwaruzo) chini na kiwango cha sauti juu, na solo yangu ikasikika kwa mara ya kwanza bila mtu yeyote kuongeza wati hata moja.

Kwa mapigo mazito niliongeza pedali ya distoshoni, ProCo RAT. Ina nobu iitwayo Filter ambayo hufanya kazi kinyume cha matarajio, kwa maana kila unapoizungusha kulia trebo hupungua. Jioni ya kwanza niliizungusha kushoto nikidhani ninailainisha, na mwimbaji akaziba masikio. Kwa JC-120, ambayo haifichi ukali wowote, naiweka mbele kidogo ya saa nane, kama ingekuwa mshale wa saa ulioelekea namba 2, na swichi ya kung'arisha sauti kwenye amplifaya naizima. Pedali nyingine ya distoshoni, Big Muff, niliijaribu siku nzima katika chumba cha mazoezi. Ni pana na ya kupendeza ukipiga peke yako, lakini saketi yake huchimba shimo katika sauti za kati, na dramu zilipoingia nilijikuta nimerudi chumbani kwangu.

Dilei yangu, yaani pedali ya mwangwi, ni Boss DD-3, yenye uwezo wa kurudia sauti hadi milisekunde 800. Ili mwangwi uende sambamba na dramu, gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika: wimbo wa mapigo 120 unahitaji milisekunde 500 kwa kila pigo. Dilei hukaa mwisho wa msururu, baada ya SD-1 na RAT, kwa sababu mwangwi ukipitishwa ndani ya distoshoni noti za zamani na mpya hukandwa pamoja zikawa uji. Tyuna, kifaa cha kupatanisha nyuzi, hukaa mwanzo, ipokee sauti safi ya gitaa, na ikikanyagwa huzima sauti wakati wa kukaza nyuzi, heshima ndogo ambayo hadhira hushukuru.

Umeme wa pedali nao una mitego. Nyingi hutumia volti 9 na hasi katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vya nyumbani, kwa hiyo usiazime adapta ya redio. Pedali za ovadraivu, kama SD-1, hula miliampea chache tu, dilei ya kidijitali hula 50 au 60 na zaidi, na baadhi ya pedali kubwa za kisasa hufika 300. Jumlisha kabla ya kununua chanzo cha umeme. Tulianza na waya mmoja wenye vichwa vitano ukilisha pedali zote, na dilei ikawa inapenyeza mlio mwembamba ndani ya RAT kama mbu sikioni. Tulipohamia kwenye chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa, mbu yule aliondoka.

Jambo la mwisho halikutugharimu chochote. Spika ya inchi 12 hutupa trebo yake mbele kama mwanga wa tochi, na amplifaya iliyowekwa sakafuni humulika ndama za miguu ya mpigaji huku ikimchoma msikilizaji aliyesimama mbali. Siku hizi JC-120 huwekwa juu ya kreti mbili za soda zilizopinduliwa, ikiegemea nyuma kidogo, na mimi husimama hatua tatu mbele yake. Nobu ya sauti za kati iko saa nane. Mwenzangu bado anaitaka ile Big Muff, nami nimemwambia ailete Jumamosi, mpiga dramu akiwepo.