Siku yangu na sweta za fagia

Saa kumi na moja alfajiri. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Julai kama hii ukiweka mguu kwa simiti, baridi inapanda hadi kwa meno. Chai, watoto, shule, hiyo imeisha.

Saa mbili niko mjini kwa mitumba. Kamera, zile nguo za daraja la kwanza, sinunui, hizo ni za wavaaji. Mimi nachakura fagia, yale mabaki ya mwisho ya bei rahisi, sweta imetoboka kiwiko ama zipu imekufa, shilingi mia, mia na hamsini, nizifumue nipate uzi wa kufuma sweta mpya kwa krosheti. Watu hudhani naokota tu. Nageuza ndani nje kwanza niangalie mshono wa ubavuni, ukiwa umepigwa ovaloki, ile mashine ya kushona kingo, narudisha, hiyo ilikatwa na mkasi kama kitambaa na ukiifumua unapata vipande vipande vya uzi. Nataka ile kila upande ulifumwa kivyake, ukivuta uzi unakuja mmoja tu. Na sufu iliyochemshwa ikashikana kama blanketi, achana nayo, haifumuki.

Saa nne nafumua. Naanzia pale mfumaji alimalizia, mara nyingi ni juu, nazungushia mgongo wa kiti, nafunga mahali pane, naloweka kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, halafu naanika na chupa ya maji ikining'inia chini ndio mawimbi yanyooke.

Saa sita hivi kasitoma akaja kuona kazi yake. Ni mama wa viazi, hutoka kwake saa tisa usiku kuelekea Molo, na baridi ya Molo usiku mnaijua, kwa hivyo alitaka sweta ndefu ya kufunika kiuno. Kiwiliwili kilikuwa tayari, kijivu na mistari ya maruni. Akaishika akasema, "Anti, si hii ni mitumba umefumua tu? Elfu mbili ya nini? Chukua mia nane." Nikamweleza krosheti hula uzi kuliko sindano mbili, hapo kuna sweta tatu na siku nne za mkono wangu. Akapiga picha akatumia dadake, wakaweka spika wakaanza kunijadili kama siko, eti dukani mpya ni mia tano, eti mimi nauza matambara, na hiyo ni karibu saa nzima nikifuma kimya huku shingo imekaza. Mwishowe nikakata kauzi, nikawasha kiberiti. Nikamwambia, "Nusa, mamangu." Ilinuka nywele zilizoungua, jivu likavunjika kwa vidole. Nikachoma akriliki, ule uzi wa plastiki, ikayeyuka ikawa tone gumu kama shanga. "Ya mia tano ni hii. Yako ni sufu, hata ikilowa umande bado inakupa joto." Akanyamaza. Akatoa elfu moja ya kwanza, akaomba mikono ifike kwa vidole.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena, watoto wamerudi, ugali, sukuma, homuwaki, na katikati ya hayo yote mkono wa kulia ukaanza kuuma kutoka kifundo hadi kiwiko, nikaupaka dawa ya kuchua nikaendelea kwa sababu anasafiri Alhamisi.

Stima imepotea, nafuma na tochi ya simu. Mkono wa kushoto wa sweta umefika kiwiko na uzi wa maruni umeisha. Kesho narudi kwa fagia mapema, na nikikosa rangi ile ile nitaweka nyingine kwa pindo za mikono yote miwili, zifanane.