Siku moja maishani mwangu: Kimara hadi Mwanjelwa kwa tangi moja na kidogo

Saa 10:20 alfajiri, Kimara, Dar es Salaam

Kabla sijawasha gari napima upepo wa matairi. Lazima yawe ya baridi, maana yakishatembea kilomita kumi joto linapandisha kipimo, unadhani uko sawa kumbe uko chini. Leo la nyuma kushoto linasoma PSI 29. Nalitaka lifike 35, kwa sababu nyuma nimebeba bushi, brekipedi na shokapu za wateja wa Mwanjelwa, Mbeya, kama kilo 300 hivi.

Mpwa wangu ndiye anayepiga pampu. Ana miezi miwili nami barabarani.

"Mjomba, sita tu ndiyo inatuchelewesha?"

Sita tu, ndiyo. Tairi lililolegea linajikunja kila mzunguko, kujikunja kule kunazaa joto, na joto lile limetoka kwenye tangi la mafuta. Namwambia aweke mkono juu ya tairi bovu siku nyingine tukifika Chalinze, atalisikia mwenyewe.

Gari ni Toyota Probox ya lita 1.5, injini ya 1NZ. Nalipwa kwa mzigo, mafuta ni juu yangu. Lita nisiyoichoma ndiyo faida yangu, ndiyo maana nina daftari.

Saa 10:50, kituo cha mafuta, Mbezi

Najaza kituo kilekile, pampu ileile, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. "Dada, ikikata yenyewe usiongeze." Ananijua, anacheka. Ukiongezea baada ya pampu kukata, mara moja unaweka nusu lita, mara nyingine lita nzima, na hesabu yako inakufa hapohapo. Naandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, narudisha ya safari kwenye sifuri. Nikijaza tena huko mbele, lita zitakazoingia ndizo nilizotumia. Njia hii ndiyo ninayoiamini. Mshale wa mafuta hauaminiki: nusu ya juu unashuka taratibu, nusu ya chini unaporomoka.

Watu huniuliza mbona gari lililoandikwa kilomita nyingi kwa lita huko Japani likifika kwetu linakula zaidi. Wanadhani wameuziwa gari bovu. Lakini kipimo cha zamani cha Kijapani, kile kinachoitwa 10-15, kilifanywa ndani ya maabara, gari likizungusha matairi juu ya rola. Spidi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 70 kwa saa, na wastani haukufika hata 23. Hakuna upepo wa Makambako pale, hakuna mlima wa Kitonga, hakuna kilo 300 za vyuma. Ile namba inakusaidia kulinganisha gari na gari. Ya safari yako utaipata kwenye daftari lako.

Saa 11:10 alfajiri, njia nane

Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana na bado kuna giza. Hapa ndipo vijana wanapokanyaga mafuta. Mimi naweka 80 na kuiacha hapo. Nguvu ya upepo inayolizuia gari haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 80 kwenda 100 umeongeza robo ya spidi, lakini upepo unakusukuma kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwenye 120 ni zaidi ya mara mbili. Na Probox ina umbo la sanduku la mkate, haina pa kuupitishia ule upepo.

Saa 12:40 asubuhi, kukaribia Chalinze

Tumeshapita Vigwaza, malori yamepanga foleni ya mizani. Jua limetoka. Mpwa wangu nimempa kazi: ahesabu vibao vya 50.

Jambo ninalotaka alielewe kuliko yote ni hili. Barabara hii ya Mbeya ni shanga za vijiji. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada yake kuna kilomita chache za wazi, halafu kijiji kingine. Dereva mwenye haraka anapanda hadi 100, anakiona kibao, anashika breki. Kila akishika breki, mafuta aliyoyachoma kulipandisha gari kwenye ile spidi yanageuka moto kwenye brekipedi na kupotea. Nilikaa usiku mmoja nikapiga hesabu: gari langu na mzigo wake ni kama tani moja na nusu, na injini ya petroli inageuza kuwa mwendo kama asilimia 30 tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Kushuka kutoka 100 hadi 50 kwa breki ni kumwaga kama mililita 45 za petroli. Vijiko vitatu vya chakula. Kila kijiji, vijiko vitatu, unavimwaga barabarani.

Kwa hiyo naangalia mbali. Nikiona paa za bati au watoto wa shule kando ya barabara, naachia mafuta mapema, gari linajiendea lenyewe, likifika kwenye kibao liko 50 na breki sijaigusa. Na watoto wenyewe ndio sababu kubwa ya kile kibao kuwepo, hilo sihitaji kumwambia.

Saa 2:15 asubuhi, Msamvu, Morogoro

Chai, chapati mbili, chooni. Dakika ishirini. Injini nimeizima, maana ikiunguruma bure gari limesimama hakuna kilomita hata moja inayoingia.

Saa 4:00 asubuhi, Mikumi

Barabara inakata hifadhi kwa kama kilomita 50 na hairuhusiwi kuzidi 70. Kuna matuta, na ukimgonga mnyama kuna faini yake. Leo twiga wawili wamesimama karibu kabisa na lami, mmoja amegeuza shingo kututazama kama mwenye nyumba. Tukapunguza, tukapita polepole.

Mwaka jana niliwahi kujaza Morogoro na kujaza tena Mikumi mjini, kusudi nipime kipande hiki peke yake. Kilitoka kilomita 18 kwa lita, na sijawahi kupata namba nzuri zaidi ya hiyo. Gari lilelile, mzigo uleule. Tulilazimishwa kwenda polepole, basi. Madereva wengi wanakilalamikia kipande hiki. Mimi nikikifikia nafurahi.

Saa 4:50, mteremko wa Iyovi

Hapa tuligombana kidogo. Kuna kona na mteremko, mpwa wangu akasema, "Mjomba, weka frii, litelemke lenyewe, tuokoe mafuta."

Hilo ndilo walilotufundisha wazee wa malori, na kwa injini za kabureta lilikuwa na mantiki yake. Kwa injini ya noseli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini kwa amri ya kompyuta, ni kinyume. Ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inafunga noseli kabisa. Fundi umeme mmoja aliniunganishia mashine yake tukazunguka nayo mtaani: ukiachia mafuta kwenye gia, noseli zinasoma sifuri. Ukitia frii, injini inabaki peke yake, inabidi inyweshwe ili isizime, kwa hiyo noseli zinafunguka tena. Yaani unatumia mafuta zaidi, na umeipoteza breki ya injini kwenye kona. Kando ya mteremko huu nimeshaona mabaki ya malori ambayo sipendi kuyakumbuka.

Akanyamaza. Baada ya kona tatu akauliza, "Kwa hiyo sasa hivi hatutumii kitu?" Hatutumii kitu. Akatabasamu peke yake akitazama nje.

Saa 5:30, Ruaha Mbuyuni

Bonde la mibuyu, joto kali. Vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye nyavu nyekundu. Kiyoyozi nakiwasha. Kwenye spidi ya barabara kuu, madirisha manne wazi yanaingiza upepo unaolivuta gari nyuma, na dereva aliyechemka kichwa haendeshi vizuri. Mama muuza vitunguu kaniita, "Mwanangu, wa Mbeya, leo hununui?" Shikamoo mama, nitachukua nikirudi. Ndoo ya vitunguu ni uzito, na mlima uko mbele.

Saa 6:00 mchana, Kitonga

Nazima kiyoyozi. Nabonyeza O/D off, kitufe cha kuzima gia ya juu kabisa, ili gia boksi isihangaike kupanda na kushuka gia. Mbele yetu kuna lori lenye treila linatambaa kama kilomita 15 kwa saa, nyuma yake foleni. Wengine wanachomoka kulipita kwenye kona isiyoonekana. Mimi naacha nafasi, mita thelathini hivi, nikisogea kwa mguu mwepesi badala ya kukanyaga na kusimama. Nyani wako kwenye kingo wakisubiri maganda ya ndizi.

Watu wanauogopa huu mlima kuliko unavyostahili, nazungumzia mafuta. Kutoka usawa wa bahari hadi Mbeya tunapanda kama mita 1,700. Kuinua tani moja na nusu kwa kimo hicho, kwa hesabu ileile ya asilimia 30, ni kama lita mbili na nusu hivi. Safari nzima! Vijiko vya vijijini vinakaribia kiasi hicho ukiendesha kwa pupa, na hakuna mtu anayevisimulia. Ila ndiyo sababu usilinganishe kwenda na kurudi: nikishuka kutoka Mbeya, gari lilelile linaonekana limepona ugonjwa.

Saa 7:40 mchana, Ipogolo, Iringa

Wali maharage na mboga. Najaza. Kilomita 485, lita 34.2. Nampa mpwa wangu simu agawanye: kilomita 14.2 kwa lita. Vibao vya 50 amehesabu 43, halafu anakiri Kitonga ilimchanganya na vingine vimempita.

Mafuta ya huku ni ghali kuliko Dar. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo gharama ya kusafirisha inavyoongezeka kwenye lita. Ndiyo maana lita niliyoiokoa Mikumi ni ya bei ya huku.

Saa 9:10 alasiri, Mafinga

Baridi na harufu ya misonobari ya Sao Hill. Tumepita bila kusimama.

Saa 10:20 jioni, Makambako

Upepo. Unatupiga ubavuni, naushika usukani kwa mikono miwili. Ukiwa usoni, spidi ya 80 kwenye dashibodi ni kama 100 kwa gari. Napunguza hadi 70 bila kuona uchungu.

Mwezi uliopita nilipita hapa nikiwa na keria juu, imebeba bampa mbili, na mteja ananipigia simu kila nusu saa. Nilikimbia. Nilipigwa tochi ya polisi ya kupimia spidi, nikalipa 30,000, kosa lilikuwa langu. Safari ile ilitumia lita 66.1 na nilifika dakika hamsini mapema. Keria niliifungua siku ileile niliyorudi Dar, iko uani Kimara.

Saa 11:40 jioni, Igurusi

Tambarare ya Usangu, mashamba ya mpunga, jua liko machoni. Baiskeli na bodaboda nyingi. Hapa nasahau lita, naangalia watu tu.

Saa 1:10 usiku, Mwanjelwa

Kabla ya kushusha mzigo tulipitia kituo cha mafuta. Kilomita 325 kutoka Ipogolo, lita 20.6. Ni 15.8 kwa lita, pamoja na upepo wa Makambako. Safari nzima, kilomita 810 kwa lita 54.8: 14.8 kwa lita. Ukitoa kwenye zile 66.1 za mwezi uliopita, zimebaki lita 11.3, zaidi ya shilingi 30,000 mfukoni.

Mteja alikuwa anasubiri na tochi ya simu, akahesabu boksi, akalipa, hakusema lolote kuhusu saa. Mpwa wangu akachukua daftari bila kuagizwa, akaandika mwenyewe tarehe, kilomita na lita. Chini yake akaongeza mstari ambao mimi sijawahi kuuweka: "Vibao vya 50, kuhesabu upya wakati wa kurudi." Kisha akaniuliza kama kesho anaweza kushika usukani kutoka Uyole hadi Chimala.

Nimemwambia aamke saa 11, apime upepo wa matairi kwanza.